Farasi wa Nasaba Bulyanhulu: Anunuliwe au Akodiwe?

Dhahabu huleta fedha, na fedha huleta matamanio. Katika nchi nyingi duniani, moja ya matamanio ya kale ya mtu aliyefanikiwa ni kuwa na farasi mzuri aliye mali yake. Wafalme walikuwa nao, masultani walikuwa nao, na hata leo matajiri hushindana kwao. Si ajabu basi kwamba mtu wa Bulyanhulu, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2001, au jirani yake wa Ukerewe aliyefanikiwa katika biashara ya samaki, naye akajiuliza: je, farasi wa nasaba anaweza kupatikana hapa karibu? Na akipatikana, anunuliwe au akodiwe?

Wapo watakaosema kwamba hilo ni swali la anasa, lisilostahili nafasi katika safu hii. Sisi hatukubaliani nao. Mnyama mkubwa anapoingizwa kijijini hunywa maji ya kisima kile kile wanachokitegemea wananchi, hula majani yale yale wanayoyategemea wafugaji, na akiugua humhitaji afisa mifugo yule yule ambaye tayari ana kazi nyingi. Mapatano juu yake yakivunjika, ni baraza la kata litakalosumbuliwa. Kwa sababu hizo jambo hili linawahusu wananchi wote na viongozi wao, walioko bara na walioko visiwani.

Maoni yetu tunayaweka wazi tangu mwanzo. Anayemtaka farasi wa nasaba katika nchi hii ya Shinyanga na Geita asianze kwa kununua. Amkodi kwanza, kwa muda maalumu na kwa maandishi, na hata hilo alifanye baada ya kuhakikisha maji, majani na matibabu. Sababu zetu ni hizi.

Kwanza tumtambue mnyama mwenyewe. Farasi tunayemzungumzia ni yule wa mbio ambaye Waingereza humwita Thoroughbred. Nasaba yake kwa upande wa madume hurudi kwa farasi watatu tu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki katika karne ya 17 na ya 18, wajulikanao kama Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Tangu mwaka 1791 vizazi vyao vimekuwa vikiandikwa katika daftari la nasaba, na mpaka leo mtoto wa farasi ambaye wazazi wake wote wawili hawamo katika madaftari ya namna hiyo hahesabiwi kuwa wa ukoo huo. Tena sharti azaliwe kwa dume kumpanda jike. Uhamilishaji kwa mrija, ambao wafugaji wetu wa ng'ombe wa maziwa wameuzoea, haukubaliwi katika ukoo huu. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 11. Ndiyo maana farasi hawa ni wachache na bei zao huwa kubwa.

Katika Afrika ya Mashariki makao yao makubwa ni Kenya. Mashindano ya mbio yalianza kuandaliwa Nairobi mwaka 1904, na tangu mwaka 1954 yamekuwa yakifanyika katika uwanja wa Barabara ya Ngong. Farasi wa kupandwa wapo pia kwetu, katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Tukisema "hapa karibu", basi, maana yake ni huko. Katika minada yetu ya Kahama na Geita utamkuta ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Farasi wa nasaba hutamkuta. Safari ya kumleta kutoka Nairobi kupitia Sirari na Mwanza imekuwa nyepesi zaidi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi. Lakini wepesi wa njia haumhakikishii mnyama uhai mwisho wa safari.

Historia yetu ina fundisho juu ya jambo hili. Mwezi Machi mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili aliopewa Unguja, mmoja na Sultani Barghash na mwingine na mfanyabiashara wa Kimarekani. Hazikupita wiki nyingi. Walipofika Kingaru, mahali ambapo hata si mbali na pwani, farasi wa kwanza akafa, na wa pili akafuata muda mfupi baadaye. Stanley alipompasua mmoja alimkuta na minyoo tele tumboni. Mzoga ulipozikwa, mtawala wa Kingaru alikuja kudai alipwe doti mbili za nguo, kwa kuwa mnyama alikuwa amezikwa katika ardhi yake bila ruhusa. Walijibizana hadi madai yakaachwa. Kisa hiki chaweza kutuchekesha, lakini ndani yake limo swali lile lile tunalolijadili leo: farasi akifa, hasara ni ya nani, na ni nani anayewajibika kwa mzoga wake?

Adui wa farasi katika nchi yetu wamejulikana vema zaidi tangu wakati huo. Wa kwanza ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mwaka 1895 David Bruce, akiwa katika nchi ya Wazulu, alionyesha kwamba ugonjwa wa nagana unasababishwa na vijidudu vya damu ambavyo mbung'o huvibeba kutoka mnyama hadi mnyama. Ng'ombe huumwa nagana, na punda pia huumwa, lakini farasi hudhurika upesi zaidi. Mkoa wetu wa Shinyanga si mgeni katika elimu hiyo. Kituo cha utafiti wa mbung'o kilichokuwa Shinyanga ya Kale kilisifika duniani, kikiongozwa na C.F.M. Swynnerton hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, na aina moja ya mbung'o mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Wakati huo vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya watu ili mbung'o wakose kivuli. Nchi ikapata malisho, lakini miti ikatoweka, hata ikabidi mwaka 1986 kuanzishwe mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na kufufuliwa kwa ngitili za wazee wetu. Upande wa magharibi wa Kahama bado yapo mapori makubwa ya Kigosi, na mwenye kuleta farasi karibu na mapori ya namna hiyo hana budi kuulizia habari za mbung'o kabla ya kuulizia bei.

Adui wa pili ni mdogo zaidi, naye ni usubi. Huyu hueneza maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoletwa na virusi vya aina 9, na ambayo huweza kuua farasi 9 kati ya 10 wasiokuwa na kinga. Punda milia huishi na virusi hivyo bila kuonyesha dalili, na punda wetu wa kawaida huvistahimili kwa kiasi kikubwa. Farasi wa nasaba havistahimili. Chanjo ipo, lakini sharti itolewe kabla ya majira ya mvua, na mnyama afungwe ndani ya banda lenye wavu tangu machweo hadi jua linapochomoza, kwa maana usubi huuma sana nyakati hizo. Mbung'o yeye huuma mchana. Mwenye farasi, kwa hiyo, ana zamu mbili za ulinzi.

Wenzetu wa visiwani wana haki ya kuuliza: je, hakuna tumaini? Lipo, na mfano wake mzuri umetoka kisiwani. Kati ya mwaka 1994 na 1997 kisiwa cha Unguja kilisafishwa kabisa mbung'o. Madume zaidi ya milioni 8, waliokuzwa katika kituo cha Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, waliachiwa kwa ndege. Majike waliopandwa nao hawakuzaa, na kizazi kikakatika. Kazi hiyo ilifanywa na Serikali kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Kisiwa kina mpaka wa maji, na mdudu akitokomezwa harudi kwa urahisi. Bulyanhulu haina mpaka wa namna hiyo. Huku mbung'o hudhibitiwa kwa mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa kuogesha mifugo na kwa uangalizi usiokoma. Ni kazi ya kila mwaka, na farasi aliyenunuliwa huitegemea maisha yake yote.

Baada ya wadudu tutazame chakula na maji. Farasi wa ukoo huu huwa na uzito wa kilo 450 hadi 500. Kwa siku hula kilo zipatazo 10 za majani makavu, na hunywa lita 25 hadi 45 za maji, hata zaidi akifanyishwa kazi juani. Tukichukua kiangazi chetu cha tangu Mei hadi Oktoba, farasi mmoja atahitaji kilo zaidi ya 1,800 za majani na ndoo mbili za lita 20 za maji kila kukicha. Kila ndoo sharti ichotwe na mtu. Katika kijiji ambako kina mama huamka alfajiri kupanga foleni kisimani, ndoo mbili za farasi si jambo dogo. Mwenye nia ya kufuga na achimbe kisima chake, au ajenge tangi la kuvuna maji ya mvua, kabla mnyama hajakanyaga kiwanja chake.

Katika jambo la malisho twaweza kujifunza kwa ndugu zetu wa kisiwa cha Ukara. Wakara wamejulikana tangu zamani kwa kumfuga ng'ombe ndani, wakimkatia majani na kumletea horini, na kuirudisha samadi yake shambani. Kwao mifugo hailetwi kwanza ndipo chakula kitafutwe. Huo ndio utaratibu unaomfaa farasi. Lakini tuonye jambo moja: farasi si ng'ombe. Ana tumbo moja, hawezi kutapika, na chakula kibovu humletea msokoto wa tumbo unaoweza kumwua kwa siku moja. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo wengine huyasukumia mifugo kwa kuwa hayafai kwa ugali, huweza kuharibu ubongo wake. Vyakula vya dukani vilivyotiwa dawa kwa ajili ya kuku au ng'ombe huweza kuwa sumu kwake. Hata dozi ya sindano ya nagana anayochomwa ng'ombe yaweza kumdhuru. Kwato zake hupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8 na mtu aliyejifunza kazi hiyo, na anahitaji saisi anayejua kumpiga msasa, kumtandika na kumtuliza. Saisi wa namna hiyo hapatikani kila kijiji.

Sasa tulipime suala lenyewe. Anayenunua hupata mnyama, na pamoja naye hupata mizigo yote tuliyoitaja kwa muda wa miaka 20 au zaidi, kwa maana farasi huishi muda mrefu. Kama hajui sifa za farasi, ni rahisi auziwe mbuzi kwenye gunia: apewe mwenye mguu mbovu aliyetulizwa kwa dawa, au mwenye umri mkubwa kuliko anavyoambiwa, au asiyekuwa na hati ya nasaba. Mnunuzi mwenye busara humchukua daktari wa mifugo asiye wa upande wa muuzaji, amtazame mnyama meno, macho, moyo, mapafu na kwato, amkimbize na kumzungusha, na kumpima damu. Kisha hulinganisha alama za mwilini na zile zilizoandikwa katika hati. Na baada ya yote hayo, farasi mzima kabisa wa nyanda za baridi za Kenya aweza kuja kudhoofika huku kwetu katika masika ya kwanza.

Anayekodi huwa katika hali tofauti. Katika nchi zenye mbio za farasi, kukodi ni jambo la kawaida: mwenye mali hubaki na umiliki, mkodi hubeba gharama za chakula, saisi na matibabu, na zawadi za mashindano hugawanywa kwa kiasi walichopatana. Muda ukiisha, farasi hurudi kwa mwenyewe. Mkodi wa huku kwetu atapata nafasi ya kupima kwa mwaka mmoja, wenye masika na kiangazi, kama mahali pake panamfaa mnyama, na kama yeye mwenyewe anaiweza kazi. Akishindwa, hasara yake ina kikomo. Akifaulu, atanunua akiwa na elimu.

Wala asiseme mtu kwamba jambo hili ni geni kwetu. Wasukuma tangu zamani wamekuwa na desturi ya mwenye ng'ombe wengi kumkabidhi jirani au ndugu baadhi ya mifugo yake. Mlezi hupata maziwa na samadi. Ng'ombe na ndama wao hubaki mali ya mwenyewe. Na akifa mmoja, mlezi hupeleka habari na ushahidi upesi. Desturi hiyo ilisimama juu ya uaminifu na juu ya majirani walioshuhudia. Tatizo ni kwamba katika miji ya machimbo, ambako watu hutoka kila pembe ya nchi na hawajuani vizazi, ushahidi wa jirani hautoshi tena. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo mkataba uandikwe, usomwe mbele ya mashahidi, na kila upande ubaki na nakala. Utaje alama za farasi na hali yake siku ya kukabidhiwa, kwa kauli ya daktari. Utaje muda na malipo, atatumika kwa kazi gani na asitumike kwa ipi, nani atalipia chanjo, na nani ataamua iwapo mnyama aliyevunjika mguu auawe ili asiteseke. Utaje mtoto atakayezaliwa ni wa nani. Utaje bima, kama ipo. Na kwa kuikumbuka Kingaru, utaje pia kwamba farasi akifa bila uzembe wa mkodi hasara itakuwa ya nani, na mzoga utazikwa wapi na kwa gharama ya nani.

Tunawageukia sasa viongozi wetu. Sheria tunazo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huyapa nguvu mapatano ya watu wenye akili timamu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 husimamia uingizaji na usafirishaji wa mifugo ili maradhi yasienezwe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 hukataza mateso. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010 nayo ipo. Linalohitajika ni kuzifikisha sheria hizo kijijini kwa lugha nyepesi. Twaomba kila ofisi ya kata iwe na mfano mmoja wa mkataba wa kukodi mnyama, wa ukurasa mmoja au miwili, ambao mwananchi aweza kuujaza bila kumlipa wakili.

Tumesema "mnyama" kwa makusudi. Farasi wa nasaba watakaoletwa Bulyanhulu, kama wataletwa, watahesabika kwa vidole. Lakini maksai wa kulima na punda wa kubeba maji na mizigo hukodiwa na wananchi wetu, na aghalabu kwa mdomo tu. Mkodi akiwa na haraka humtwika punda wa mwenzake kupita kiasi, kwa ile kauli ya punda afe mzigo ufike. Kisha punda huanguka, na ujirani huanguka pamoja naye. Mwenye punda mmoja anapompoteza hupoteza kipato cha nyumba nzima. Tukumbuke kwamba thamani ya punda imeonekana hata katika baraza kubwa la bara letu: mwezi Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliamua kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, kwa kuwa biashara hiyo ilikuwa ikiwamaliza. Mkataba utakaomlinda farasi wa tajiri na umlinde punda wa mjane kwa maneno yale yale.

Kwa wenye fedha tunasema: hatuwazuii kumpenda farasi. Ni mnyama mwenye haiba, na mashindano mema yanaweza kuwapa vijana kazi na watu wote furaha. Lakini chimbeni kisima, wekeni majani ya miezi sita ghalani, mtafuteni daktari na saisi, na mzungukeni shamba lenu pamoja na afisa mifugo mkikagua mbung'o. Kisha kodini farasi mmoja, mwaka mmoja, kwa hati iliyotiwa saini. Na nyinyi maafisa wetu mtakaoombwa kibali cha kumwingiza, msiutie mhuri kabla hamjakwenda kwa miguu yenu kuviona kisima, ghala na banda.